Kadi ya Nives

Aliyeomba mkate uonjwe alikuwa Ettore Bertolozzi mwenyewe. Baadaye watu walilisahau jambo hilo, na yeye hakuwa na haraka ya kuwakumbusha.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa Machi, ndani ya kiwanda cha mikate cha Brusati, mtaa wa Excelsior, San Francisco. Mzee Brusati alikuwa amezikwa tangu Novemba. Wanawe, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuchafua mikono yake kwa unga, walikuwa wameuza kila kitu, pamoja na jina la baba yao, kwa kampuni moja ya huko bondeni, mashariki mwa jiji, inayotengeneza mkate mweupe wa slesi. Meneja wa kampuni hiyo, Bwana Kittredge, alikuja na buti mpya na kofia ya karatasi kichwani, akasimama katikati ya mafundi tisa akiwauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo.

"Tangu mnachanganya unga mpaka mkate unatoka tanurini, zinapita saa ngapi?"

"Saa kumi na nane," alisema Ettore, aliyekuwa fundi mkuu. "Kukiwa na baridi ya ukungu, ishirini na zaidi. Inategemea mama ameamkaje."

"Mama?"

Ettore akafunua kitambaa juu ya sanduku la mbao. Ndani kulikuwa na donge la unga rangi ya maziwa ya zamani, linapumua taratibu, viputo vikipasuka juu yake. Harufu kali ikampanda Kittredge puani, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu hapa. Unga na maji, basi. Analishwa kila baada ya saa nane, Krismasi na Pasaka pia. Hatutii hamira, hatutii sukari, hatutii mafuta. Ukimkata kipande ukakichanganya na unga mpya na chumvi, anauumua wote, lakini kwa wakati wake. Huo ndio uchachu."

"Wetu unachukua saa tatu na nusu," alisema Kittredge.

"Wenu si mkate," akadakia Primo Lazzeri kutoka meza ya kukatia, yeye na Ettore wakiwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka ishirini na sita. "Wenu ni godoro la mtoto. Ukilikojolea linakauka lenyewe."

Wakacheka wote. Kittredge naye akacheka, akangoja wamalize.

"Siku hizi tunatengeneza na mkate mchachu. Kwa saa zile zile tatu na nusu. Hamira inauumua, siki kidogo na unga wa asidi vinautia ukali. Ndiyo maana makao makuu wananiuliza, kwa nini tulipe tanuri la pili mjini? Mtu wa dukani ataona tofauti gani?"

Ettore alihisi damu inampanda masikioni. "Uchachu haumwagwi kutoka kwenye chupa, bwana. Unga na maji vinakaa pamoja, vinaoza kwa adabu, ndipo uchachu unazaliwa. Tofauti ataiona mtu yeyote mwenye ulimi. Leta watu waonje! Leta wako na wangu. Wafunge macho ukitaka. Walete hata wake zetu, waulize."

Kittredge aliiweka sawa kofia yake ya karatasi.

"Wake zenu," alisema polepole. "Hilo ni wazo zuri, Ettore. Kila fundi alete mtu mmoja wa nyumbani kwake. Wakiutaka wa kwenu, naandika ripoti kwamba tanuri libaki."

Mafundi walimpongeza Ettore kwa kumpiga mgongoni. Primo alimwambia, "Huyu umemfunga kamba wewe mwenyewe."

*

Nives Bertolozzi alikuwa mpishi katika jiko la shule ya msingi. Kila siku saa tano na nusu, watoto wakiwa bado darasani, alichukua slesi mbili za mkate mweupe, akazipaka siagi, akala amesimama nyuma ya mlango wa jokofu. Si kwamba alikuwa na njaa. Alikuwa amekulia bondeni, mama yake akifanya kazi kiwanda cha kusindika nyanya, na mkate wa aina hiyo ndio uliokuwa mezani kwao: laini, mtamu kidogo, unaoshikana na kaakaa la kinywa. Alipoolewa na Ettore aliingia katika nyumba ambayo mkate huo haukutajwa isipokuwa kwa matusi.

Kwa hiyo kwa miaka thelathini na miwili alikula mkate wa mumewe. Ganda lake gumu, lililoiva mpaka likakaribia kuungua, lilimkwaruza kaakaa. Kiini chake kilikuwa kizito na kinavutika kama mpira, na ukali wake ulibaki ulimini mpaka kahawa ya pili. Alijifunza kuuchovya kwenye supu. Ettore alidhani mkewe anapenda kuchovya.

Jioni ile Ettore alikata mkate kwa furaha, akiubana kifuani, kisu kikija upande wake.

"Sikiliza," alisema, akaligonga ganda kwa kucha. "Sikiliza hiyo sauti. Nani atadanganywa na siki?"

"Baba, na wakidanganywa?" aliuliza binti yao Loredana, mwenye miaka ishirini na nne, aliyefanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno.

"Mama yako adanganywe? Huyu?" Ettore akacheka. "Anaweza kukuambia kwa kunusa tu kama mkate umetoka leo au jana."

Ni kweli, Nives aliweza. "Sasa mimi nitaandika nini?" aliuliza.

"Andika kile ulimi wako utakachokuambia. Usinipendelee. Sitaki Kittredge aseme mlipangwa."

"Ulimi wangu."

"Ulimi wako, ndiyo. Kuna mwingine?"

Nives alichovya kipande chake kwenye supu akakizamisha mpaka kikapotea.

*

Jumamosi ya katikati ya Aprili, saa sita mchana, wake watano, mama wawili, dada mmoja na shemeji mmoja waliketi katika chumba cha kufungia mikate. Walikuwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Ines, mke wa Primo, alikuwa amepaka rangi ya midomo, halafu akaifuta aliposikia kwamba wataonja. Mafundi walisimama ukutani na aproni safi.

Mbele ya kila mmoja kulikuwa na sahani nyekundu na sahani ya buluu, na katika kila sahani slesi moja. Katika ile nyekundu kiini kilikuwa na matundu yasiyolingana, mengine makubwa ya kupitisha kidole, rangi yake kijivu cha kung'aa, ganda lina malengelenge. Katika ile ya buluu matundu yalikuwa madogo na sawasawa, kama yamechomwa kwa sindano, na ganda lilikunjika bila kuvunjika. Hapakuwa na haja ya kufunga macho. Kipofu angejua kwa vidole.

Ettore akamkonyeza Primo.

Nives alionja ya nyekundu kwanza. Aliijua kabla haijagusa ulimi: ule ukali unaokuja taratibu, unapanda kuelekea masikioni, na nyuma yake ladha ya ngano iliyokaangwa. Huu uliumuka Ijumaa mchana, akawaza, na leo mama alikuwa na hasira. Akaonja ya buluu. Ukali wake ulikuja wote mara moja, kama achari, ukatoweka, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila ulaini na utamu kidogo. Akajikuta ameumaliza.

Kisha wakagawiwa kadi. Ettore alitegemea swali liwe: upi ni mkate wa kweli? Kadi iliuliza: *Upi ungependa kula kila siku?* Chini yake kulikuwa na mistari miwili ya maoni.

Nives alilisoma swali mara tatu. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amekunja mikono na kutabasamu kama mtu anayepigwa picha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo maishani mwake. Alishika penseli, akaandika haraka, akaikunja kadi mara nne.

Kittredge alizifungua moja moja. Nyekundu. Buluu. Nyekundu. Buluu. Nyekundu. Nyekundu. Buluu. Buluu. Ukutani mafundi walikuwa wameacha kunong'ona. Kadi ya tisa ilikuwa ile iliyokunjwa mara nne, na kuifungua kulichukua muda.

"Buluu," alisema Kittredge. "Na hapa kuna maoni, ya pekee tuliyopata. 'Hauumizi ufizi.'"

Hakutaja jina. Lakini wote pale walijua ni nani alitolewa meno mawili mwezi wa Februari, kwa sababu Ettore mwenyewe alikuwa amewasimulia, akijisifu kwamba siku ya tatu tu mkewe alikuwa anakula ganda. Vichwa vikageuka. Ines aliweka mkono mdomoni.

"Tano kwa nne," alisema Kittredge kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Nawashukuru sana kwa uaminifu wenu."

*

Walipofika nyumbani Ettore hakuvua koti.

"Penseli ilikuteleza," alisema. "Niambie penseli ilikuteleza."

"Haikuteleza."

"Hukuujua wa kwetu ni upi?"

"Niliujua. Nimeandika. Mstari wa kwanza nimeandika, nyekundu ndio mkate wa kweli. Yeye kausoma wa pili tu."

"Kwa hiyo uliujua!" Sauti yake ikapasuka. "Uliujua, ukaandika buluu. Ungekuwa umekosea ningekusamehe, Nives. Mtu hukosea."

"Waliuliza ningependa kula upi. Wewe ukasema niandike ulimi wangu."

"Miaka thelathini na miwili unakula mkate wangu!"

"Miaka thelathini na miwili nakula mkate wako," alisema Nives. "Sikuupenda hata siku moja. Nakupenda wewe. Mkate, hapana."

Alisema kwa upole, akidhani upole utasaidia. Ettore alikaa kitini kama mtu aliyesukumwa. Angeambiwa kwamba mkewe ana mwanamume mwingine, angejua afanye nini: angepiga kelele, angevunja kitu. Kwa hili hakujua.

"Tanuri linafungwa kwa sababu ya ufizi wako," alisema mwishowe.

Loredana alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, aliyeomba mtihani ni wewe."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini ni wewe."

*

Kiwanda kilifungwa wiki ya pili ya Mei. Siku ya mwisho lori la kampuni lilikuja kuchukua mashine ya kukandia, na dereva wake, mtu mnene aitwaye Duane, alimpa Ettore karatasi ya kusaini kama fundi mkuu. Ettore alivaa miwani. Alikuwa amezoea kusoma kila kinachowekwa mbele yake. Juu ya karatasi kulikuwa na amri ya kung'oa mashine na kuzipeleka bondeni, na sahihi ya Kittredge, na tarehe: tatu Aprili.

Akahesabu kwa vidole. Siku kumi na tano kabla ya sahani nyekundu na buluu.

"Hii tarehe ni sahihi?"

"Sahihi kabisa," alisema Duane. "Nilipewa safari hii mwanzoni mwa Aprili, nikaambiwa ningoje simu. Kwani hamkujua, mzee?"

"Tulijua," alisema Ettore, akasaini.

Nyuma yake Primo alikuwa anafagia sakafu ambayo hakuna mtu angeikanyaga tena. Ettore angeweza kumwita. Kwa maneno kumi tu angeweza kumwondolea mkewe mzigo wote, kwa sababu tangu siku ile mafundi walikuwa hawamsalimii Nives, na kila mmoja nyumbani kwake alikuwa na jina la mtu wa kulaumu. Alifungua mdomo. Halafu akakumbuka ile "hata siku moja," na mdomo ukajifunga wenyewe. Akae na lawama hiyo kidogo, aliwaza. Aionje na yeye. Nitamwambia wiki ijayo.

Alichota kipande cha mama kutoka sanduku la mbao, akakitia kwenye chupa ya kachumbari, akakipeleka nyumbani ndani ya koti.

Wiki ijayo ikawa mwezi. Ettore alipata kazi katika duka kubwa la vyakula karibu na bahari. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa mikate iliyogandishwa kwenye maboksi, iliyookwa nusu huko bondeni, na kuitia katika tanuri la umeme dakika kumi na mbili mpaka ibadilike rangi. Kibao juu ya kichwa chake kilisema MKATE MCHACHU, UNAOKWA HAPA HAPA. Jina Ettore liliwashinda, basi kwenye kifua chake waliandika Eddie. Msimamizi, msichana mdogo kuliko Loredana, alimfundisha jinsi ya kubonyeza kitufe, kisha akamwambia arudie ili ahakikishe ameelewa.

"Eddie, kengele ikilia, unafanya nini?"

"Natoa mikate."

"Safi sana!"

Wateja walimuuliza kama mkate ni wa kweli. Alikuwa ameagizwa aseme ndiyo.

Na kila Jumapili alioka nyumbani. Alimlisha mama alfajiri ya Jumamosi, akakanda adhuhuri, akaufunika unga usiku kucha kwenye kikapu, akauchana kwa wembe juu, akautia katika tanuri la jikoni na bakuli la maji ya moto chini yake ili ganda lipate mvuke. Ulitoka mzuri. Alimkatia Nives kipande cha pembeni, chenye ganda kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani yake bila supu, akakaa kumtazama anavyotafuna. Nives alitafuna. Hakubakisha hata chembe.

"Unamfanya nini mama?" Loredana alimuuliza siku moja kwenye korido.

"Nampa chakula."

*

Kanisani kulikuwa na mlo wa pamoja Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, katika ukumbi wa chini. Nives alikuwa amepika huko kwa miaka mingi. Ile Jumapili ya Juni alipoingia na sufuria yake ya maharage, mazungumzo ya mezani yalishuka, yakapanda tena upande mwingine. Akatafuta nafasi. Mbele ya kiti kilichobaki, katikati ya meza, mtu alikuwa ameweka mkate mzima wa slesi, umefungwa bado kwenye nailoni yake, na utepe mwekundu wa zawadi shingoni.

"Tumekuwekea," alisema Ines. "Hauumizi ufizi."

Wanawake wakacheka kwa pua. Mama yake fundi mmoja, kikongwe Fosca, akasema, "Mwacheni jamani, ana njaa," na kicheko kikawa cha wazi.

Nives aliketi. Alifungua utepe, akaukunja vizuri, akauweka pembeni. Akatoa slesi moja, akaila kavu, mbele yao wote. Ettore alikuwa meza ya wanaume, hatua sita hivi kutoka pale. Aliona kila kitu. Alikuwa na tarehe ile mdomoni, na alichofanya ni kujimiminia divai.

Jambo la ajabu ni kwamba, kwa miezi ile yote, kila mtu aliyekuwa amekaa na sahani mbili mbele yake aliapa kwamba alichagua nyekundu. Ines aliapa. Fosca aliapa kwa roho ya marehemu mumewe. Ukiwahesabu walioapa walikuwa wanane, na kadi nyekundu zilikuwa nne. Hakuna aliyehesabu.

*

Primo alikosa kazi mjini. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na mgongo mbovu. Mwezi wa Oktoba akaamua kuhamia Nevada kwa kaka yake, ambako angelinda maegesho ya magari ya hoteli. Jumapili mchana alikuja kuaga. Gari lilikuwa limeachwa linanguruma barabarani, Ines yuko ndani na boksi la vyombo mapajani, hakushuka.

"Ingia basi, unywe hata kahawa," alisema Ettore.

"Siingii." Primo alitazama juu ya bega la rafiki yake, mpaka jikoni, ambako Nives alikuwa anaosha vyombo. "Nimekuja kwako. Mwambie shemeji... hapana, usimwambie kitu. Miaka ishirini na sita, Ettore. Na tumeng'olewa na mwanamke mwenye meno mawili mabovu."

Maji jikoni yaliacha kutiririka.

Hapo Ettore angesema. Alijua kwamba hapo ndipo mahali penyewe, hapatakuwa na pengine. Alimkumbatia Primo, akasikia harufu ya unga iliyokuwa haijamtoka shingoni, akasema, "Safari njema, ndugu yangu." Gari likaondoka.

Alirudi jikoni. Nives alikuwa anakausha sahani moja ambayo ilikwisha kauka.

"Kaa," alisema Ettore. "Kuna jambo." Yeye alibaki amesimama. "Kittredge alikwisha kuamua. Ile siku ya kuonja ilikuwa mchezo. Karatasi ya kung'oa mashine ilisainiwa kabla. Hata mngeandika nyekundu wote tisa..."

"Tarehe tatu Aprili," alisema Nives.

Ettore alivuta kiti akakaa yeye.

"Duane ndiye anayetuletea mkate shuleni. Aliniambia mwezi wa Juni, wiki ileile waliyonifungia utepe. Akasema, mume wako alisaini karatasi mbele yangu, miwani puani, akauliza kama tarehe ni sahihi."

"Juni?" Alihesabu, kama alivyohesabu siku ile. "Miezi minne! Kwa nini hukuniambia unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Na wale wanawake? Si ungewaambia, wangekuacha!"

"Ningewaambia nini? Duane kasema? Wangegeuka kukutazama wewe, fundi mkuu, uliyeshika karatasi. Na wewe ungekuwa unajimiminia divai." Aliiweka sahani kabatini. "Kila Jumapili uliniwekea lile ganda, nikala, nikasema moyoni, leo atasema. Akiniona namaliza atasema. Leo ameniona nimemaliza, pengine Jumapili ijayo."

"Nives, nilikuwa na uchungu."

"Najua."

"Uliniambia hata siku moja."

"Nilikuambia ukweli kwa sababu uliuomba. Wangu ulinichukua miaka thelathini na miwili, nakiri. Lakini ukimya wangu ulikuwa wa kukutunza wewe." Alining'iniza kitambaa. "Wako ulikuwa wa kumtunza nani?"

Ettore alitoka mbio mpaka barabarani, na slipa zake, kana kwamba gari lingekuwa bado linaonekana. Alisimama pale njia panda mpaka ukungu ulipoanza kushuka. Aliporudi, mto wa Nives haukuwepo kitandani. Loredana alikuwa amemtandikia mama yake chumbani kwake.

*

Jumapili ya kwanza ya Novemba, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Ettore aligonga glasi yake kwa uma. Nives alikuwa amekaa mwisho wa meza ya wanawake, mahali alipozoea kukaa sasa, karibu na mlango. Hakuwa ameambiwa.

Ettore alisimama, akaeleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza upya: karatasi, tarehe, sahihi, lori. Akasema kwamba aliyajua hayo tangu Mei na akanyamaza. Akasema kwamba mkewe alidhulumiwa mbele ya macho yake. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola, na alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi tangu tanuri lizimwe.

Halafu mtu mmoja meza ya wanaume akauliza, "Hiyo karatasi unayo?"

"Waliichukua wao. Mimi nilisaini tu."

"Aha."

Kikongwe Fosca alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyekariri shairi mpaka mwisho. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Mume lazima amtetee mkewe, hata kwa kubuni. Kaa sasa ule, chakula kinapoa."

Wakacheka, safari hii bila ubaya. Mmoja akampigia makofi. Vijiko vikarudi sahanini na mazungumzo yakaendelea pale yalipokatikia.

Ettore alitazama mwisho wa meza. Kiti cha Nives kilikuwa kimesogezwa nyuma na koti lake halikuwepo. Akapenya katikati ya meza, akapanda ngazi mbili mbili akiita jina lake, akatokea barabara ya Mission akihema. Basi lilikuwa limeshafika njia panda ya pili. Nives alikuwa amekaa kwenye dirisha la nyuma, amempa mgongo, na hakuangalia nyuma.